Vyumba vya kuunganisha kutoka kiwandani: taka zinapungua kweli au zinahamishwa tu?

Msimamizi_Saiti

Habari zenu wakuu. Naomba mnisaidie kwenye hili maana limenikaa kichwani wiki nzima na ofisini kila ninayemuuliza ana jibu lake. Mimi ni msimamizi wa saiti, kazi zetu ni zile za kawaida, zege na tofali, ghorofa mbili tatu hivi. Juzi tulipomaliza jengo moja nilikaa na dereva wa lori la kifusi tukahesabu safari alizopiga toka tunaanza mpaka tunakabidhi, tulipofika safari ya 43 nikamwambia basi, inatosha, nisije nikalia hapa.

Na ndani ya hizo safari kulikuwa na nini? Tofali zilizovunjika wakati wa kushusha, mbao za fomu (zile za kushikilia zege mpaka likauke) zimejaa misumari hata kuzichambua hazichambuliki, mifuko ya simenti iliyoganda kwa kunyeshewa, vipande vya jipsamu bodi, vipande vya bomba vya sentimita 30 ambavyo havimfai mtu yeyote. Halafu kulikuwa na ukuta mzima wa choo, tuliujenga, tukaupiga plasta, tukaubomoa, tukaujenga tena sentimita 20 pembeni kwa sababu bomba la maji machafu kwenye mchoro wa mabomba lilikuwa sehemu moja na kwenye mchoro wa majengo sehemu nyingine. Huo ukuta ndo uliniuma kuliko vyote, kwa sababu hakuna fundi aliyekosea, kila mtu alifuata karatasi yake.

Sasa mradi unaokuja ni bweni, vyumba 48 vinavyofanana, ghorofa tatu, na mshauri wa mwenye jengo anataka vyumba vitengenezwe kiwandani vikiwa na kila kitu, umeme, mabomba, marumaru, mpaka rangi, vije kwenye trela, kreni ivipange juu ya msingi tuunganishe. Anasema taka zitapungua kwa asilimia 90. Nimeipenda hiyo namba lakini siielewi. Imetoka wapi? Je zile taka si zinabaki kiwandani badala ya kwangu, yaani nimemsukumia mwenzangu tu? Na mimi kama mtu wa saiti niangalie nini nisije nikawa ndo chanzo cha kuharibu?

Wa_Kiwandani

Mkuu karibu. Nimefanya saiti miaka mingi kabla sijahamia kiwanda kinachotengeneza hivyo vyumba kwa hiyo nitakwambia nilichokiona pande zote mbili.

Kuhusu 90, ipo, lakini isome vizuri. WRAP, lile shirika la Uingereza linaloshughulika na taka na matumizi ya malighafi, waliwahi kuandika kwamba kuhamishia kazi kiwandani kunaweza kupunguza taka mpaka kufikia asilimia 90. Neno zito hapo ni "mpaka kufikia". Hicho ni kilele, sio wastani, na kinapatikana pale chumba kizima kinapotoka kiwandani kimekamilika. Ukileta kuta za paneli tu halafu mabomba, umeme na marumaru vikafanyikia saiti, umepunguza kipande tu. Kwa hiyo mshauri wenu akitaja namba muulize ni ya kazi gani na inapimwa dhidi ya nini.

Kuhusu kuhamisha taka. Hapana, hazihami zote, nyingi hazizaliwi kabisa, na nitakuonyesha kwa nini. Kwenye meza yetu ya kukatia jipsamu bodi kuna mtu mmoja na karatasi moja, ile karatasi inamwambia kila bodi inakatwa vipi kwa vyumba vyote, sio kwa chumba kimoja. Kipande kilichobaki juu ya mlango wa chumba namba 1 kinaenda chini ya dirisha la chumba namba 7, kimeshaandikwa kwa penseli kabla hata bodi haijakatwa. Saiti yule fundi aliyeko ghorofa ya pili akihitaji kipande kidogo hashuki chini kutafuta mabaki, anakata bodi nzima mpya kwa sababu ndo iko karibu yake, na simlaumu, ngazi zile unapanda mara ngapi kwa siku?

Nondo vilevile. Nondo ya mita 12, ukikata vipande vya mita 5 unapata viwili na inabaki mita 2, umeshapoteza moja ya sita hapo. Lakini kama mahali pengine kwenye jengo unahitaji mita 7, basi 5 na 7 ni 12, hakibaki kitu. Saiti anayekata za mita 5 leo hajui kuhusu za mita 7 za wiki ya tatu. Kiwandani oda yote iko mezani siku moja.

Halafu mvua. Watu wanasahau mvua. Simenti, mbao, bodi, pamba ya kuzuia joto, vyote vinaharibika kwa kulowa, na saiti stoo ni turubai. Kwetu kuna paa.

Na zile taka zinazobaki, maana zinabaki, haziko kwenye rundo moja. Pipa la chuma, pipa la mbao, pipa la jipsamu, kila moja kivyake, kila siku zinafanana, kwa hiyo anayechukua chakavu anakuja kwa ratiba. Jipsamu safi inasagwa inarudi kuwa jipsamu. Ile iliyochanganyika na zege na udongo hakuna anayeitaka inaishia dampo, na ikifukiwa pamoja na taka zinazooza kwenye unyevu inatoa haidrojeni salfaidi, ile gesi inayonuka kama yai viza, na ni sumu. Kwa hiyo kuchambua sio usafi tu.

Zege_Tupu

Naheshimu aliyoandika mwenzangu hapo juu ila kuna kitu watu wa kiwandani huwa hawakisemi mpaka waulizwe. Chumba kimoja kina kuta zake nne, sakafu yake na dari yake. Ukikiweka chumba cha pili pembeni nacho kina zake. Kwa hiyo kati ya vyumba viwili una kuta mbili zimegusana, na kati ya ghorofa una dari ya chini na sakafu ya juu. Juu ya hapo chumba lazima kiwe kigumu cha kutosha kunyanyuliwa na kreni na kutikiswa barabarani bila kupasuka, hiyo inamaanisha chuma cha ziada ambacho jengo likishasimama halikihitaji. Taka zinapungua sawa, lakini malighafi iliyoingia inaweza kuwa nyingi kuliko jengo la kawaida. Ukipima pipa la taka peke yake utaona umeshinda wakati umetumia chuma mara moja na nusu. Mkuu dai upewe hesabu zote mbili, kilichotupwa na kilichotumika.

Wa_Kiwandani

Uko sahihi kabisa kaka na wala sibishi. Ndo maana vinafaa zaidi hosteli, hoteli, hospitali, sehemu ambazo ukuta mara mbili unakupa utulivu wa kelele na kuzuia moto kati ya vyumba, kwa hiyo ule ukuta wa pili ungeulipia hata hivyo kwa njia nyingine. Ukumbi mkubwa wazi usiufanye kwa vyumba, tumia paneli au fremu.

Bolti_Nane

Mimi nakupa kisa kilichonikuta mimi mwenyewe, kampuni siitaji, ila nataka kisikukute.

Tulikuwa saiti, kazi yetu msingi tu, vyumba vinatoka mbali. Tukamwaga zege, tukapanda bolti za msingi, nane kwa kila chumba, tukapima na tepu, tukapima tena, ziko sawa na mchoro. Siku trela zinafika, kreni imeshapangwa, watu wamejaa, chumba cha kwanza kinashuka taratibu, kinakaribia, kinagoma. Matundu ya chumba na bolti zetu yamepishana sentimita 4. Tukadhani ni chumba kimoja kina kasoro. Cha pili hivyohivyo. Kumbe kiwandani walikuwa wamesogeza nguzo za pembeni baada ya injinia wao kubadilisha saizi ya chuma, mchoro mpya ukatoka, ukafika kwa kila mtu isipokuwa kwetu. Sisi tulikuwa na toleo la tatu wao wako la nne.

Ile wiki tulivunja zege la siku 20 kwa nyundo za umeme, tukakata bolti, tukatoboa upya, kifusi tulichotoa pale ndo kilikuwa kifusi kikubwa kuliko kingine chochote cha mradi mzima. Na vyumba vilikaa nje kwenye magogo vikisubiri, nailoni ya juu ikachanika kwa upepo, maji yakaingia viwili, bodi za ndani zikavimba zikatolewa zote. Vyumba vilivyotoka kiwandani visafi bila kipande kupotea, vikaja kuwa taka mikononi mwetu.

Kwa hiyo kwako mkuu, msingi ndo mtihani wako. Tofali linasamehe, ukikosea sentimita 2 fundi anaziba na udongo wa simenti maisha yanaendelea. Chuma hakisamehi. Pima kwa kifaa cha kupimia cha leza sio tepu, na kabla hujamwaga zege waandikie kiwandani wakutumie mchoro wenye sahihi na namba ya toleo, wathibitishe siku hiyohiyo. Ikiwezekana waombe fremu ya chuma yenye matundu yaleyale ya chumba, unaiweka juu ya fomu, bolti zinapita humo, unamwaga zege bolti zikiwa zimeshikiliwa. Sisi tungekuwa nayo tungegundua mapema sana.

Msimamizi_Saiti

Bolti_Nane asante sana kaka, nimesoma huku nimeshika kichwa. Hiyo fremu naiandika leo kwenye barua.

Sasa nina swali lingine. Mshauri anasema michoro yote lazima ifungwe kabla kiwanda hakijaanza, hakuna kubadilisha tena. Mwenye jengo wetu ni mtu wa kubadilisha, kila akija saiti anataka dirisha lihame. Hilo linafanyikaje?

Rula_na_Penseli

Hapo kwenye kubadilisha ndo penyewe, na naona wote mmezunguka mmefika mlangoni hamjaingia. Mimi nachora majengo, na kadri ninavyokaa kwenye kazi hii ndivyo ninavyoamini kwamba taka nyingi za saiti nazitengeneza mimi mezani kwangu, fundi anazibeba tu.

Chukua mfano mdogo. Nachora chumba kimo chake mita 2.7 kwa sababu namba imenijia hivyo. Bodi zilizopo sokoni ni mita 2.4 na mita 3. Fundi atachukua ya mita 3 atakata sentimita 30 kila bodi, yaani asilimia 10 imeenda, na hakuna aliyekosea, hakuna aliyevunja, hakuna mvua. Nimeitupa mimi kwa kuandika 2.7. Ningeandika 2.4 isingetupwa. Au ningejua mapema idadi yote, oda kubwa kiwanda cha bodi chenyewe kinakukatia urefu unaoutaka.

Hili sio jambo jipya. Crystal Palace, lile jumba la chuma na vioo la maonyesho makubwa kule London mwaka 1851, msanifu wake Joseph Paxton aliipanga ramani nzima kwa kufuata saizi ya kipande cha kioo, inchi 49 kwa 10, vile viwanda vilivyoweza kutengeneza wakati ule. Alianza na kioo akaja kwenye jengo, hakuanza na jengo ndo atafute kioo cha kukata. Vipande vya chuma vya aina moja, vioo vya aina moja, ndo maana maonyesho yalipoisha waliweza kulifungua kipande kwa kipande, wakalihamishia Sydenham, kusini mwa London, likafunguliwa tena mwaka 1854 kwa umbo kubwa zaidi, na lilisimama huko mpaka lilipoungua mwaka 1936.

Sasa kiwanda kinafanya nini? Kinakulazimisha ufanye uamuzi mapema, basi. Bomba la maji machafu na ukuta wa choo vinakutana kwenye kompyuta kabla ya kukutana kwenye tofali, kwa sababu kiwanda hakiwezi kuanza bila mchoro mmoja ambao watu wote wamekubaliana. Ule ukuta wako uliokuuma usingejengwa mara mbili. Lakini angalia, hata kwa tofali na zege ungeweza kufanya hivyohivyo kama wachoraji wangekaa pamoja kabla. Hatukai. Tunasema tutarekebisha saiti.

Kwa mwenye jengo wenu, usimwambie "huruhusiwi kubadilisha", atakasirika. Mjengee chumba kimoja cha mfano, kizima, aingie, alale humo akitaka, afungue dirisha, akae chooni ajue goti linagusa mlango au haligusi. Abadilishe pale mpaka achoke. Chumba kimoja kikifunguliwa mara nne ni hasara ndogo, vyumba 48 vikibadilishwa mara moja ni msiba. Akishasaini basi, imefungwa.

Bolti_Nane

Chumba cha mfano mia kwa mia dada. Na kibaki hapohapo mpaka mwisho, mafundi wako wakipata utata wanaenda kuangalia badala ya kubahatisha.

Mbomoaji

Habari wote. Mimi kazi yangu ni kubomoa kwa hiyo nawaangalia mnavyohesabu vipande vya bodi naona mnahesabu mkia, tembo mwenyewe hamjamgusa. Marekani, wakala wao wa mazingira EPA walihesabu taka za ujenzi na ubomoaji za mwaka 2018, zikafika tani milioni 600, zaidi ya mara mbili ya taka za majumbani na mijini. Katika hizo zaidi ya asilimia 90 zilitoka kwenye kubomoa. Kujenga hakukufika hata asilimia 10. Kwa hiyo hata ukipunguza taka zako zote za kujenga zikawa sifuri, umegusa ile sehemu ndogo.

Sisemi msifanye. Nasema ulizeni swali la pili, hiki chumba kitatokaje. Kwa sababu vyumba vinavyoingia kwa kreni vinaweza kutoka kwa kreni vikaenda kutumika kwingine, hapo ndo kuna faida kubwa kabisa, lakini haiji yenyewe. Kuna jengo Tokyo liliitwa Nakagin Capsule Tower, Kisho Kurokawa alilisanifu, likamalizika mwaka 1972, vyumba 140 vidogo vimefungwa kwa bolti kwenye nguzo mbili kubwa za zege, na wazo lilikuwa kila baada ya miaka 25 chumba kichakavu kinatolewa kinawekwa kipya. Hakikutolewa hata kimoja. Vilikuwa vimepangana kiasi kwamba ukitaka kukitoa cha chini lazima utoe vya juu yake kwanza, na kila chumba kina mwenyewe, nani akubali? Mwaka 2022 likabomolewa lote, vikaokolewa vyumba 23.

Mimi ninapofika kwenye jengo naangalia kiungo kwanza. Bolti na nati naifungua, chuma kinatoka kizima, mtu ananunua. Kilichochomelewa nakata, kinatoka chakavu. Kilichogundishwa, mfano sakafu ya plastiki imegandishwa kwenye bodi halafu povu limepulizwa nyuma, hicho sina la kufanya, ni dampo, hata mbao iliyokuwemo ndani ikiwa nzima kabisa inaenda nayo. Inaniuma sana kutupa mbao nzima kwa sababu ya gundi. Kwa hiyo mkuu kabla hujasaini waulize kiwanda vitu hivi: vyumba vinaungana kwa nini, hizo bolti zitafikika baada ya miaka 30 au zitakuwa nyuma ya marumaru, mabomba na umeme yanaachana wapi, na ile ndoano ya kunyanyulia ambayo kreni inashika inabaki pale juu au inakatwa baada ya kusimamisha. Hiyo ya mwisho wengi huikata. Ikikatwa hakuna atakayekinyanyua tena.

Zege_Tupu

Hiyo ya ndoano sikuwahi kuifikiria kwa kweli. Na ukiangalia hivyo, ule ukuta wa pili nilioulalamikia ndo unaofanya chumba kiweze kutoka kizima bila kumbomolea jirani.

Msimamizi_Saiti

Wakuu sijui niwashukuru vipi. Nilikuja na swali la namba moja naondoka na barua ya kurasa mbili. Nimeandika hivi, mtaniambia kama nimeacha kitu: chumba cha mfano kwanza na mwenye jengo asaini humohumo ndani, kimo cha chumba kiendane na bodi, fremu ya matundu ya bolti ifike saiti kabla ya zege, mchoro mmoja wenye namba ya toleo, vyumba visitoke kiwandani mpaka nithibitishe msingi umepimwa kwa leza, ndoano zisikatwe, bolti zifikike kutoka kwenye korido. Na wanipe uzito wa chuma kilichotumika pamoja na uzito wa taka.

Kilichobaki, hizo taka tutazipimaje? Nilikuwa nahesabu safari za lori lakini sasa naona safari hazisemi ndani kuna nini.

Wa_Kiwandani

Lori liende mizani kila safari, ukipata uzito uandike na aina, kifusi, mbao, chuma, jipsamu, plastiki, mchanganyiko. Rahisi tu, daftari moja kwa mlinzi wa geti, hakuna lori linatoka bila kuandikwa. Kiwanda nacho kiandike hivyohivyo kwa vyumba vyako tu, sio kwa uzalishaji wote, halafu mnajumlisha pande zote mbili mnagawanya kwa mita za mraba za jengo. Zile safari zako 43 kama unazo tarehe na aina ya lori unaweza kukadiria uzito ukagawanya kwa mita za mraba za jengo lile, utapata pa kulinganishia. Na usisahau nailoni za kufungia vyumba na mbao za kuvilaza kwenye trela, hizo wengi hawazihesabu kwa sababu zinakuja siku ya mwisho. Waambie kiwanda wazirudishe na trela hilohilo, mbao zile sisi tunazitumia tena mara nyingi zisipokatwa. Nailoni ikikunjwa vizuri haijachanika inarudi, waambie vijana wako wafungue mafundo wasikate kwa kisu.

Bolti_Nane

Na turubai za akiba mkuu, kubwa, ziwepo saiti kabla ya trela la kwanza. Mbili zisipungue.

Msimamizi_Saiti

Nimeziongeza kwenye orodha. Msingi tunaanza baada ya chumba cha mfano kusainiwa, nitarudi na namba za mizani.